Siku Tuliyoitafuta Nyongo ya Daforoza

Nyinyi mnaoingia blok siku hizi na simu mfukoni na glavu zinazowakaa vidoleni, hongereni sana. Sisi tulianza kazi na glavu za kufua. Tulizivaa, tukazifua, tukazianika kwenye kamba nyuma ya wodi, tukazipaka poda, tukazivaa tena, na mgonjwa akapona. Leo glavu ni mpya kila mara, na mgonjwa kabla hajalala anawauliza mmesomea wapi. Maendeleo ni kitu kizuri.

Blok, kwa wale ambao bado mnatafuta mlango wake, ni chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa mpokezaji wa vyombo. Huyo ndiye muuguzi anayesimama ubavuni mwa daktari, anampa mkasi akitaka mkasi, anampa uzi akitaka uzi, na analaumiwa mkasi ukikataa kukata. Nimeifanya kazi hiyo hapa Rumonge mpaka magoti yakaniomba ruhusa. Mtaani kwetu wananiita Mama Hadija, na mpaka leo wananiletea vidole vilivyopasuliwa na visu vya samaki, kana kwamba kustaafu ni kuhamisha hospitali sebuleni.

Aliyenifundisha ni Sista Godeliva, mtawa mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko uso wake. Siku yangu ya kwanza nilizimia kabla mgonjwa hajaguswa na kisu. Daktari alikuwa anampaka dawa ya kusafisha ngozi tu. Sista aliniruka kama mtu anavyoruka gogo la mgazi, mti wa mawese, njiani, akaendelea na kazi. Nilipofumbua macho akaniuliza, "Umemaliza kupumuzika? Kuja ushike hapa." Ndiyo masomo yangu ya saikolojia hayo.

Lakini alinifundisha mambo mawili ambayo hamtayakuta kwenye simu zenu. La kwanza ni kompresi, vile vitambaa vya kufyonzea damu. Uzihesabu kabla ya kufungua, uzihesabu kabla ya kufunga, na daktari akikuuliza kama una hakika, usimjibu, hesabu tena. La pili ni kusikiliza. "Daktari akiimba, mambo iko vizuri," alisema. "Akinyamaza, tayarisha uzi. Akianza kusali, tayarisha damu." Nimewasikiliza madaktari wengi tangu hapo. Wengi hawajui kuimba.

Dokta Nestori alijua. Alitujia akiwa bado kijana, kutoka masomoni mbali huko, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia karoti. Kwayani kwake aliimba sauti ya nne, ile nzito ya chini, na alipofungua tumbo alianza kuimba kwa chini, pole pole, mpaka anafunga. Wagonjwa waliodungwa sindano ya mgongoni tu, wanaobaki macho, walikuwa wanamwitikia. Niliwahi kufanya upasuaji wa ngiri uliogeuka ibada, na mtu wa dawa ya usingizi, mzee mwenzangu Selestini, akatoa neno la mwisho.

Sasa nije kwa Daforoza.

Daforoza alikuwa mama wa mawese wa Kigwena. Alikuwa na shamba la migazi na mashine ya kukamulia, na mdomo ambao wanunuzi kutoka Bujumbura waliuogopa kuliko askari wa barabarani. Alizaliwa ukimbizini Tanzania, akakulia huko, akarudi na wazazi wake akiwa mtu mzima. Kwa hiyo alikuwa na Kiswahili cha Tanzania, kile kilichonyooka, na alituonea huruma sisi wa mwambao wa ziwa tunaosema chetu kilichopinda. Ukimwambia "mutoto iko analia," atakurekebisha kwanza, kisha ndipo atamwangalia mtoto.

Alikuja kwetu kwa maumivu. Yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani, na yalipenda kuja baada ya chakula. Akila ndagala, dagaa wetu wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese yake mwenyewe, analala chini na kukunja magoti. Alikonda. Mashine ikasimama, maana wafanyakazi wake walimwogopa yeye tu, na yeye alikuwa kitandani. Wakampiga ekografi, ile picha ya kupakwa mafuta ya baridi tumboni huku daktari akitembeza kidude, na kwenye kioo kunaonekana mawingu. Anayejua kuisoma anaona ini na figo. Asiyejua anaona mawingu. Anayeharakisha anaona mawe. Yake ilisomwa hivi: mfuko wa nyongo umesinyaa, una mawe.

Wakamkataza mafuta. Kumkataza mtu wa Rumonge mawese! Alivumilia, akala mihogo ya kuchemsha na uso wa msiba, maumivu yakaendelea. Basi Dokta Nestori akasema tumfungue, tutoe huo mfuko na mawe yake, aende nyumbani.

Aliyepinga ni kaka yake, Onesimo. Onesimo ni mwalimu wa historia, na kama walimu wengi wa historia niliowafahamu, alikuwa bingwa wa udaktari. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba nyongo inatibiwa kwa maji ya limao. Alikuwa amesoma pia kwamba viungo vya watu vinauzwa. Alituuliza maswali kwenye korido mpaka Selestini akajifanya ameitwa. Mwishoni akakubali, kwa sharti moja.

"Nataka kuiona ikitoka," alisema. "Hiyo nyongo na hayo mawe. Niyashike kwa mkono wangu."

"Tutakuonyesha, mwalimu," Dokta akamjibu. "Huwa tunawaonyesha ndugu wote."

Na ni kweli. Ndugu wa mgonjwa wanapenda kuona. Mawe ya nyongo yanawekwa kwenye kichupa, yanapitishwa mkono kwa mkono kama picha za harusi, kila mmoja anasema "yoo" na kukitikisa karibu na sikio. Msiwanyime. Ndiyo risiti yao.

Tulimfungua asubuhi, na umeme ulikuwepo, jambo ambalo lenyewe lilistahili shukrani. Tulipitia chini ya mbavu za kulia. Dokta alikuwa anaimba vizuri sana. Akaingiza mkono chini ya ini, pale ambapo mfuko wa nyongo unakaa kwa kila binadamu niliyewahi kumwona amefunguliwa, na wimbo ukakatika katikati ya aleluya.

Nikatayarisha uzi.

"Selestini, sogeza taa," Dokta akasema.

Taa ikasogea. Akainamia. Mimi nilikuwa nimeshikilia ini kwa kile chuma kipana kilichopinda, na nikachungulia kama jirani mwenye tabia mbaya. Chini ya ini palikuwa laini kabisa. Hapakuwa na mfuko, hapakuwa hata na kovu la kuonyesha kwamba uliwahi kuwepo. Kulikuwa na utando tu uliouvuta utumbo na kuugandamanisha na ini.

"Iko wapi?" akasema.

"Unaniuliza mimi, dokta?"

Hakucheka. Akautenganisha ule utando taratibu, akatazama. Akatazama kushoto, maana kuna watu wachache ambao Mungu aliwabadilishia upande. Akatazama nyuma. Akalibonyeza ini kidole kwa kidole, maana kuna nyongo zinazojificha humo ndani. Akafuata kila mkunjo na kila kamba. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, na nje, kwenye benchi, Onesimo alikuwa anasubiri kushika mawe.

Hapo ndipo mahali pabaya, wanangu, na nataka mnisikilize bila kutazama simu. Daktari asipokipata anachokitafuta, hasira inampanda, na hasira ya daktari inafika vidoleni. Chini ya ini kuna mfereji mmoja mwembamba unaopeleka nyongo kwenye utumbo. Mtu anaweza kuishi bila ule mfuko. Bila mfereji hawezi. Ukiukata, mgonjwa anageuka njano, na maisha yake yote yaliyobaki, kama yapo, ni ya kupasuliwa tena na tena. Na ule mfereji uko hapo hapo ambapo daktari mwenye hasira anataka kuchimba.

"Nipe koleo iliyopinda," akasema.

Nikampa. Kazi yangu ni kutoa vyombo. Akaishika, akaisogeza karibu na mfereji, ncha yake ikasimama hewani. Niliona jasho linamtiririka kwenye nyusi, na Selestini naye akaliona, akamfuta. Mashine ya kupima moyo wa Daforoza tu ndiyo iliyokuwa inaongea, pii, pii, bila haraka.

Dokta akaitazama ile koleo. Kisha akanirudishia mkononi.

"Nipigieni Profesa," akasema.

Profesa alikuwa mwalimu wake wa Bujumbura, mzee aliyekwisha kuacha kupasua lakini hajaacha kugomba. Selestini akapiga, akaweka sauti kubwa, akaisogeza simu karibu na sikio la Dokta bila kumgusa. Tulimsikia mzee anatafuna.

"Umetazama kushoto?"

"Nimetazama, Profesa."

"Nyuma? Ndani ya ini?"

"Kote."

"Mufereji unauona? Iko muzima?"

"Uko mzima."

"Basi haiko. Kuna watu wanazaliwa bila. Wachache sana, lakini wanazaliwa. Funga."

"Lakini Profesa, ekografi imeona mawe."

"Mezani iko nani, ekografi ao iko mutu?"

Dokta akautazama tena ule mfereji.

"Ukitaka kuendelea kutafuta, endelea," mzee akasema, na tukasikia kikombe kinawekwa chini. "Utapata ule mufereji, utaukata, na hapo kweli utakuwa umepata kitu. Funga, mwanangu. Kisha umupeleke kwenye picha kubwa huku Bujumbura, tuhakikishe."

Tukafunga. Nilihesabu kompresi, nikahesabu tena. Zote zilikuwepo. Siku hiyo ndizo peke yake zilizokuwepo mahali pake.

Kufunga tumbo ni rahisi. Kufungua mlango wa blok na kutoka mikono mitupu ndiyo kazi. Kabla hatujatoka, alitujia direkteri wa hospitali. Sitamtaja jina, wala hospitali, maana wote wawili wana ndugu. Alikuwa mtu wa utawala ambaye hakuwahi kushika hata kibanio cha nguo, lakini kwa harufu ya matatizo alikuwa na pua ya paka.

"Dokta, mambo iko rahisi," alisema. "Ile chupa ya mawe iko mu kabati, ile ya kufundishia wanafunzi. Muonyeshe huyu mwalimu, atazame, aende. Nani atajua mawe ni ya nani?"

Akaifuata mwenyewe, akaileta. Ilikuwa chupa ndogo yenye mawe ya kijani na kahawia, mazuri kabisa, ya mama mmoja aliyekwisha kupona na kuyasahau. Akaiweka mkononi mwa Dokta. Nitawaambia ukweli, Dokta hakuirudisha mara moja. Alikuwa kijana, alikuwa amechoka, na nyuma ya mlango kulikuwa na mwalimu wa historia. Aliigeuza ile chupa, mawe yakalia ndani.

"Na maumivu yakimrudia mwaka kesho?" akasema. "Ataenda hospitali nyingine, aseme nyongo yangu ilitolewa. Ao aje hapa, mimi nimwambie nini? Kwamba imeota tena kama mchicha?"

"Mwaka kesho iko mbali."

"Kwake haiko mbali. Mtu lazima ajue kilichomo tumboni mwake."

Akamrudishia chupa. Direkteri akasema kwamba ana mkutano, akaondoka haraka kuliko nilivyojua anaweza. Dokta akavua kofia, akatoka.

Onesimo alisimama, akanyoosha mkono kama anayesubiri sadaka. Dokta akamweleza yote, pole pole, kwa heshima, kwamba dada yake alizaliwa bila mfuko wa nyongo, kwamba tumetafuta, kwamba ni jambo adimu lakini linajulikana. Onesimo alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, na hakikuwa kicheko.

"Tulirudi kutoka Tanzania," akasema, "tukakuta mashamba yetu yana wenyewe. Tukaambiwa, hayakuwahi kuwa yenu. Leo dada yangu ameingia humu na nyongo yake, ametoka bila. Na mnaniambia hakuwahi kuwa nayo."

Wanangu, katika maneno yote ya kijinga niliyoyasikia kwenye korido ile, hilo halikuwa mojawapo. Lilikuwa si kweli, lakini halikuwa la kijinga. Dokta alisema tu, "Nakuelewa, mwalimu," na Onesimo akasema haelewi anaeleweka vipi, akatoa simu.

Mnajua simu inavyofanya kazi, ndiyo mnayoijua peke yake. Alirekodi sauti yake, akaituma kwa magrupu. Ilipofika sokoni Rumonge, Daforoza alikuwa ameibiwa nyongo. Ilipofika Magara, ameibiwa na ini. Kule Bugarama walimuongezea na figo zote mbili. Kesho yake asubuhi mama mmoja alinikamata njiani, akalia begani kwangu, akaniuliza mazishi ni lini. Nikamwambia marehemu nimemwacha anamgombeza mpishi kwa uji wenye madonge.

Mambo yalianza kuwa mabaya pale wagonjwa walipoanza kuondoka. Waliobaki wodini walifunga vitambaa vyao na kudai waende nyumbani, wengine wakiwa na dripu mkononi. Wamama wa mawese wa Kigwena walijipanga getini. Na katikati ya hayo akaletwa mvuvi mmoja wa Magara kwenye pikipiki, amejikunja, anatapika. Ngiri yake ilikuwa imejinyonga, utumbo umekwama. Ngiri ya namna hiyo haisubiri. Utumbo unaoza, na mtu anakwenda nao. Dokta akasema tuingie blok sasa hivi. Mvuvi akashika nguzo ya baraza kwa mikono yote miwili.

"Sitaki!" akapiga kelele. "Munaiba watu! Nirudishe nyumbani, nife na vitu vyangu vyote!"

Mke wake naye alikuwa amemshika, hajui amvute kuelekea wapi.

Daforoza alisikia kelele hizo kitandani. Alikuwa siku ya pili tu baada ya upasuaji, na mdomo wake ulikuwa umetangulia kupona. Mpaka saa hiyo hakuna aliyekuwa amemweleza vizuri. Kaka yake alikuwa amemwambia ya kwake, manesi walimwambia apumzike. Akaniita.

"Mama Hadija, niletee huyo daktari. Na asinipe pole, nimechoka na pole."

Dokta akaja mbio, macho yakiwa kwa yule mvuvi.

"Niambie," Daforoza akasema. "Uliitafuta wapi?"

Akataka kumweleza kwa maneno, akaona hayatoshi. Akachana kifuniko cha katoni ya glavu, akachora ini kwa kalamu, na mimi nimeona maini mengi lakini lile lilikuwa kama kiatu. Akamwonyesha. Hapa ndipo inapokaa. Hapa kushoto niliangalia. Hapa nyuma. Hapa ndani nilibonyeza. Huu ni mfereji, huu sikuugusa, kwa sababu ningeugusa ungekufa.

Daforoza aliufuata ule mchoro kwa kidole.

"Yaani umenipekua," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kama mpakani." Akaendelea, na hakuwa anamwambia Dokta tena. "Siku tunarudi kutoka Tanzania walitupekua hivyo hivyo. Magodoro walipasua. Sufuria walizigeuza. Mama yangu walimfungua kilemba. Walikuwa na hakika kuna kitu tumeficha, maana watu hawawezi kukaa miaka yote ile wakarudi bila kitu. Hawakukuta kitu. Hatukuwa na kitu."

Akanipa mkono. "Ninyanyue."

"Mama, kidonda bado kibichi."

"Kidonda ni changu. Hicho angalau kipo. Ninyanyue."

Tukamtoa mpaka barazani, mimi upande mmoja, Dokta upande mwingine, yeye amejishika tumbo kwa kanga iliyokunjwa. Kumbukeni hili pia: mgonjwa wa tumbo akisimama ao akikohoa, mpeni kitu akikumbatie hapo kwenye kidonda, maumivu yanapungua. Wale wamama wa mawese walipomwona walipiga vigelegele, wengine wakarudi nyuma, maana walishamlilia.

"Nani amekufa?" akawauliza.

Wote wakamgeukia Onesimo.

"Onesimo, njoo hapa." Mwalimu akaja, simu mkononi. "Daktari hajaniibia. Ametafuta, hakukuta. Kama angekuwa mwizi angekupa mawe ya mtu mwingine ukayabusu, ungerudi nyumbani unaimba."

Nilimtazama Dokta. Dokta alitazama miguu yake. Mpaka leo sijui kama ni bahati tu ao yule mama alikuwa na masikio ukutani.

"Lakini dada, mtu anaishije bila nyongo?" Onesimo akauliza.

Hapo Dokta akapata nafasi, akaeleza kwa sauti ili wote wasikie, kwamba nyongo yenyewe inatengenezwa na ini. Ule mfuko ni ghala tu. Asiye na ghala, nyongo yake inatiririka moja kwa moja, haikai.

"Umesikia?" Daforoza akasema. "Mimi sina mahali pa kuiweka. Ndiyo maana nikikasirika nasema papo hapo. Nyinyi wenye ghala ndio watu wabaya."

Getini walicheka. Yeye hakucheka, kicheko kinauma tumbo lililoshonwa. Akamgeukia yule mvuvi pale kwenye nguzo.

"Na wewe, una nini?"

"Ngiri, mama."

"Sasa nani atakuibia ngiri?"

Mvuvi akaachia mkono mmoja. Mke wake akamalizia kuubandua wa pili, na tukaingia naye blok mbio kabla hajapata jibu. Utumbo ulikuwa umeanza kuwa mweusi, lakini tulipoulegeza na kuufunika kwa kompresi za maji ya uvuguvugu, rangi ikarudi, taratibu. Kama tungesubiri kidogo zaidi, tungekuwa tunamwandalia sanda. Tulipoanza kufunga nikasikia sauti ya nne inaanza tena, kwa chini, nyuma ya barakoa. Selestini akaitikia.

Mtaniuliza maumivu ya Daforoza yaliishia wapi. Yaliisha. Tulimfungua, hatukutoa chochote, tukamfunga, akapona, akaanza kula ndagala kwa mawese mpaka mashavu yakarudi. Dokta alisema huenda ni ule utando uliokuwa umevuta utumbo, na alipoutenganisha, utumbo ukapumua. Na kwamba huenda ni utumbo huo huo uliojikunja ambao ekografi ilidhani ni mfuko wenye mawe. Profesa alisema kwa watu wa namna hii inatokea mara nyingi, na kwamba hakuna anayejua vizuri kwa nini. Mkisikia mtu mwenye elimu yote ile anasema hajui, mheshimuni. Wengine wenye elimu ndogo kuliko yake wanajua kila kitu, na wamejaa kwenye simu zenu.

Alipopata nguvu, Daforoza alikwenda Bujumbura kwenye picha kubwa, ile ya kuingizwa ndani ya mashine kama mkate kwenye tanuri. Onesimo alikwenda naye, hakumwacha hata hatua moja, na nasikia alimuuliza mwenye mashine alikosomea. Walirudi kwetu na majibu, tukakaa wote barazani, Dokta akayasoma. Hakuna mfuko wa nyongo, na hakuna mahali popote palipokatwa. Mfereji mzima, laini, kama alivyozaliwa. Akawaeleza pia kwamba wakati mwingine jambo hili linakwenda na damu ya ukoo, basi mwalimu naye akipata maumivu ya namna ile, aseme mapema, asije akafunguliwa bure.

Onesimo akajishika ubavu wa kulia bila kujua. Alisafisha koo, akarekebisha kola, akatazama mbali.

"Historia itahukumu," akasema.

"Historia ndiyo iliyotufikisha hapa, mwalimu," Daforoza akamjibu. "Muombe mtu radhi, ubebe mfuko, twende."

Onesimo alisimama mbele ya Dokta. Kiswahili chake chote kizuri cha Tanzania kikamkimbia. Akainamisha kichwa, akashika mkono wa Dokta kwa mikono yake miwili, na kilichotoka ni Kirundi cha nyumbani kwao.

"Mumbabarire," akasema. Nisameheni.

"Ntaco," Dokta akamjibu. Hakuna kitu.

Safari hii Onesimo akamwamini.